Mwongozo kamili wa kumleta mgeni Lubumbashi: kutoka barua ya mwaliko hadi muhuri wa DGM (idara ya uhamiaji ya Kongo)

Maswali yanayotufikia ni yaleyale. Shemeji amekwama Lusaka, ubalozi umemrudishia dosie, yaani jalada la karatasi zake za maombi. Mtoto wa dada aliyezaliwa Ubelgiji amekatazwa kupanda ndege. Mhubiri aliyealikwa na kanisa amefika Kasumbalesa bila karatasi ya chanjo. Ukizifuatilia kesi hizi, nyingi zinakwama kabla mgeni hajafunga sanduku lake, na zinakwamia hapa kwetu, mikononi mwa mwenyeji.

Kwa hiyo nakuandikia wewe mwenyeji. Visa ya Kongo inaombwa na mgeni, lakini dosie yake inaanza kwako. Barua yako ikiwa na kasoro, hakuna atakachofanya kule ubalozini kikaiponya.

Maelekezo haya ni ya Lubumbashi, kwa uwanja wa ndege wa Luano na mpaka wa Kasumbalesa. Usiyatumie kwa Goma na Bukavu, ambako hali ya mipaka na viwanja vya ndege imebadilika sana tangu mwanzo wa 2025.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Usianze na notari wala ubalozi kabla vitu hivi havijawa mezani.

Upande wa mgeni:

- Pasipoti yenye uhai wa miezi 6 au zaidi kuanzia siku atakayoingia, na kurasa tupu mbili angalau.
- Picha ndogo za karibuni.
- Cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, ile tunayoiita "carte jaune".
- Tikiti ya kuja na kurudi, au uhifadhi wa nafasi wenye jina lake.
- Kama anaishi nchi isiyo yake, kibali chake cha ukaazi wa nchi hiyo.

Upande wako:

- Kitambulisho chako. Kwa Mkongomani ni kadi ya mpiga kura au pasipoti. Kwa mgeni anayeishi Kongo ni kadi yake ya ukaazi na visa yake ya kukaa.
- Karatasi inayoonyesha unapoishi na unavyojimudu: "attestation de service" ya kazini, au taarifa ya benki.
- Kama anayealika ni kampuni: nakala ya RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa kitaifa) na namba ya kodi. Kama ni kanisa au shirika: karatasi za "personnalité juridique", zinazoonyesha kwamba linatambuliwa kisheria.

Mgeni akutumie ukurasa wa pasipoti wenye picha uliopigwa skana, na uhakikishe mistari miwili ya chini kabisa inasomeka yote. Picha ya simu iliyopigwa usiku chini ya taa haifai, na sababu utaiona kwenye hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Hakikisha anahitaji visa, na ni visa gani

Makosa makubwa hapa yanafanywa na familia. Watu wanasema: "Huyu ni mtoto wetu, visa ya nini?" Katiba ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, na haushikwi pamoja na uraia mwingine. Binamu yako aliyechukua uraia wa Ufaransa au Marekani ni mgeni mbele ya sheria, hata kama alizaliwa Katuba, hapa mjini kwetu, na Kiswahili chake ni chetu kabisa. Anahitaji visa. Kumpa moyo kwamba "watamwelewa uwanjani" ni kumtuma apoteze tikiti.

Kosa la pili linahusu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo iliingia humo mwaka 2022, na wengi wakadhani visa zimekwisha kwa wote wa Jumuiya. Kuondoleana visa ni makubaliano ya nchi na nchi, kila moja kwa masharti yake na idadi yake ya siku. Mgeni wa Nairobi au Dar es Salaam apige simu ubalozi wa Kongo ulioko kwao aulize kuhusu pasipoti ya nchi yake, kabla ya kununua tikiti. Hata anayesamehewa visa bado anahitaji pasipoti na carte jaune.

Sasa aina ya visa. Anayekuja kusalimia ndugu, kuhudhuria ndoa au kilio, au kufanya mikutano ya biashara, anaomba "visa de voyage". Anayekuja kufanya kazi anaingia kwenye njia nyingine kabisa, ya visa ya "établissement" (ya kukaa nchini) na kadi ya kazi ya wageni, na dosie hiyo inabebwa na mwajiri.

Hapa Katanga onyo hili lina uzito. Fundi anayeletwa wiki mbili kufunga mashine Likasi au Kolwezi anafanya kazi, hata kama analipwa na kampuni ya kwao. Akikutwa ndani ya karakana na visa ya matembezi, yeye na aliyemwalika wote wanaitwa kujieleza. Kampuni iulize DGM kabla ya kumwita.

## Hatua ya 2: Pata orodha ya ubalozi wa mahali anapoishi

Mgeni aombe visa kwenye ubalozi wa Kongo wa nchi yake, au wa nchi anamoishi kwa kibali. Sheria hii imewaumiza watu wengi. Kuna waliopata visa katika nchi waliyokuwa wanapita tu, wakafika uwanjani wakanyang'anywa pasipoti na kurudishwa walikotoka. Mzambia anayeishi Lusaka aombe Lusaka. Mwingereza anayetembea Zambia kwa likizo aombe London kabla hajaondoka.

Kila ubalozi una orodha yake. Mmoja unaridhika na barua yenye muhuri wa notari. Mwingine unadai pia ihalalishwe na Wizara ya Mambo ya Nje kule Kinshasa. Mmoja unataka barua ya asili, mwingine unapokea skana. Ukikimbilia notari kabla ya kuijua orodha, utalipa mara mbili.

Mwambie mgeni akutumie orodha yenyewe jinsi ilivyo. Asikusimulie alichoelewa.

## Hatua ya 3: Lisome jina kwenye pasipoti, usiliandike kwa kumbukumbu

Chukua ile skana, uangalie mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Mstari wa kwanza unaweza kuonekana hivi:

P<ZMBBANDA<<GRACE<MUTALE<<<<<<<<<<

Herufi tatu baada ya P< ni za nchi: ZMB ni Zambia. Kinachofuata mpaka kwenye alama mbili << ni jina la ukoo: BANDA. Baada ya hapo ni majina mengine: GRACE MUTALE. Mashine ya ubalozini na ya uwanjani zinasoma jina kwa mpango huo.

Sisi tumezoea "nom, postnom, prénom": jina la ukoo, jina la pili, kisha jina la ubatizo. Mwenyeji wa Lubumbashi akiandika barua, mkono wake unakwenda wenyewe: Banda Mutale Grace. Amegeuza jina la kati kuwa postnom, na sasa barua na pasipoti zinataja watu wawili tofauti. Dosie inarudishwa kwa ajili ya hilo tu. Andika hivi: "Jina la ukoo: BANDA. Majina mengine: GRACE MUTALE." Usiongeze jina la nyumbani, hata kama ndilo mnalomwitia.

Mstari wa pili unaanza na namba ya pasipoti. Angalia sifuri na herufi O, moja na herufi I. Mbele kidogo kuna tarehe ya kuzaliwa, imeandikwa mwaka, mwezi, siku: 850704 ni tarehe 4 Julai 1985. Katika barua yako andika mwezi kwa maneno. Sisi tunaandika 04/07 tukimaanisha 4 Julai. Mmarekani akiisoma anaona 7 Aprili, na fomu aliyojaza yeye itapingana na barua yako.

Utajua hatua hii imekamilika pale mtu mwingine wa nyumbani, ambaye hakuandika barua, atakapolinganisha herufi kwa herufi na namba kwa namba bila kupata tofauti yoyote.

## Hatua ya 4: Andika barua na upate mihuri

Barua ya mwaliko na karatasi ya "prise en charge" (ahadi ya kubeba gharama za mgeni) zinaandikwa kwa Kifaransa. Mara nyingi zinaunganishwa kuwa karatasi moja. Iwe na mambo haya, bila hadithi ndefu:

Wewe ni nani, unakaa wapi (komini, kartie, barabara, namba ya nyumba), unafanya kazi gani, simu yako ni ipi. Mgeni ni nani, kama ulivyomsoma kwenye pasipoti, pamoja na namba ya pasipoti, uraia na tarehe ya kuzaliwa. Anakuja kwa nini, kuanzia lini hadi lini, na atalala wapi. Mwishoni unaahidi kubeba gharama za malazi, chakula, matibabu na kurudi kwake.

Ahadi hiyo ni mzigo wa kweli mbele ya Serikali. Mgeni akiugua, au akipitisha siku zake, wewe ndiye utakayetafutwa. Usimwekee sahihi mtu usiyemjua kwa sababu rafiki wa rafiki amekuomba. Watu wema wa mji huu wamejikuta ofisini wakieleza habari za mtu ambaye hawajawahi kumwona uso.

Tarehe uzipe nafasi. Kama ndoa ni tarehe 15, usiandike atafika 14 na kuondoka 16. Weka siku kadhaa mbele na nyuma, maana ndege inachelewa na mvua ya Januari inaharibu mpango wa barabara.

Peleka barua kwa notari ukiwa na kitambulisho chako na nakala ya pasipoti ya mgeni. Usitie sahihi nyumbani. Sahihi inatiwa mbele yake, kwa kuwa hiyo ndiyo anayoithibitisha. Ada za Serikali zinalipwa benki kwa "note de perception" (karatasi rasmi inayotaja kiasi cha kulipa), kisha unarudi na "bordereau" (risiti) ya benki. Mtu akikudai fedha mkononi koridoni, mjibu kwa heshima: "Mukubwa, naomba note de perception, nitaenda kulipa benki mwenyewe." Karatasi zote za malipo zitunze kwenye dosie moja.

Kama ubalozi unataka na muhuri wa Wizara kule Kinshasa, tafuta ndugu wa kukufuatilia, na uhesabu siku za barua kwenda na kurudi. Hatua hii inakula muda kuliko zote. Ianze mapema, miezi miwili kabla ya safari ikiwezekana.

Piga skana barua yenye mihuri kabla hujaituma. Hakikisha muhuri umekolea na hakuna herufi ya jina iliyofunikwa na wino.

## Hatua ya 5: Chanjo ya homa ya manjano

Isisubiri visa. Balozi nyingi zinaidai ndani ya dosie, na mpakani watu wa usafi na afya, wale wa "hygiène", wataiangalia kivyao, mbali na DGM.

Chanjo inaanza kuhesabiwa halali siku 10 baada ya kuchomwa. Aliyechanjwa Jumatatu akasafiri Ijumaa ana karatasi isiyomsaidia. Achanjwe kwenye kituo kinachotambuliwa na nchi yake kutoa cheti cha kimataifa, na cheti kiwe na jina lilelile la pasipoti, tarehe, sahihi ya mhudumu, muhuri wa kituo na namba ya kundi la dawa.

Cheti cha zamani chenye mwisho wa miaka 10 kisikutie hofu. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni ya kimataifa ni kwamba chanjo moja inatosha maisha yote, hata kwa vyeti vilivyotolewa kabla ya hapo.

Mzee wa zaidi ya miaka 60, mama mjamzito, mwenye mzio wa mayai na mwenye kinga dhaifu wazungumze na daktari kwanza. Asiyeweza kuchanjwa apewe cheti cha msamaha cha kitabibu chenye sahihi na muhuri. Mtoto naye hasahauliwi: kuanzia miezi 9 anadaiwa cheti chake.

Nakusihi, usimnunulie mtu carte jaune isiyo na sindano. Homa ya manjano inaua, na Kongo ipo.

## Hatua ya 6: Dosie ubalozini, na visa ikishatoka

Mgeni apeleke dosie kwa mpangilio wa orodha ile ile ya hatua ya 2. Ada ya visa ikishalipwa hairudishwi visa ikikataliwa, kwa hiyo asitume dosie yenye pengo akitegemea kulijaza baadaye.

Serikali imefungua pia njia ya visa ya kielektroniki. Akiitumia, aangalie anwani ya tovuti: za Serikali ya Kongo zinaishia .gouv.cd. Tovuti nyingine nyingi zinazojipamba kwa bendera yetu ni za madalali, na baadhi ni za wezi.

Visa ikitoka, akutumie picha yake siku hiyohiyo. Isomeni pamoja: jina, namba ya pasipoti, tarehe inayoanza, tarehe inayoisha, na maneno "une entrée" (kuingia mara moja) au "entrées multiples" (kuingia mara nyingi). Msilipite hili la mwisho. Anayetaka kulala Lubumbashi, kwenda Ndola siku mbili na kurudi, anahitaji entrées multiples. Akiwa na moja, akivuka tu imekwisha. Angalieni pia siku zinaanza kuhesabiwa lini. Visa iliyochukuliwa mapema mno inaweza kuisha mgeni akiwa bado kwao. Kosa la herufi lirekebishwe palepale ubalozini, maana afisa wa mpakani hana uwezo huo.

## Hatua ya 7: Siku ya kuingia

Kwa ndege, Luano. Kampuni ya ndege inakagua visa na carte jaune kule anakopandia, kwa sababu abiria akikataliwa huku ni yenyewe inayombeba kumrudisha. Karatasi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na nakala ya barua yako na namba yako ya simu imeandikwa kwenye karatasi. Simu yake inaweza kuwa imezima, au haina laini. Anayepitia Kinshasa anagongewa muhuri wa kuingia kule, lakini asiifiche pasipoti sandukuni: ataulizwa tena akishuka Lubumbashi.

Kwa barabara, Kasumbalesa. Ni kama kilomita 90 kutoka mjini. Mgeni anaanza upande wa Zambia, anagongewa muhuri wa kutoka, kisha anavuka kwa DGM upande wetu. Hygiène wanaangalia carte jaune, DGM wanaangalia pasipoti na visa, na duane (watu wa forodha) wanaangalia mizigo.

Mpaka huu unabeba malori ya shaba na ya bidhaa usiku na mchana, na foleni yake inachosha hata wenyeji. Panga afike asubuhi. Wewe au ndugu mwingine amngoje upande wa Kongo, na gari liwe tayari.

Vijana watamzunguka wakitaka kumbebea pasipoti "kwa haraka". Pasipoti inatoka mkononi mwake kwenda kwa afisa aliye dirishani tu, na inarudi mkononi mwake. Mwambie hivyo kabla hajafika, tena kwa msisitizo, kwa sababu mtu aliyechoka na asiyejua lugha anakubali chochote.

Usimtume bila visa kwa tumaini kwamba "itapatikana pale". Hata kama uliwahi kusikia mtu aliyeipata, usijenge safari ya mtu juu ya habari hiyo.

Dola alizobeba ziwe mpya na nzima. Noti yenye mchaniko mdogo ukingoni, hata wa urefu wa punje ya mchele, inakataliwa mjini kote, na noti za dola moja hazipokelewi.

Hatua hii imefaulu pale ambapo pasipoti ina muhuri wa kuingia wenye tarehe inayosomeka, na mgeni ameuona kwa macho yake kabla ya kuondoka dirishani. Muhuri ukikosekana, siku ya kutoka ataambiwa aliingia kwa siri.

## Hatua ya 8: Akiwa mjini

Piga nakala ya ukurasa wa picha, wa visa na wa muhuri. Atembee na nakala, pasipoti ikae nyumbani, isipokuwa anapotoka nje ya mji.

Asipige picha uwanja wa ndege, mpaka, madaraja, majengo ya Serikali, askari wala polisi. Simu zinachukuliwa kwa jambo hili, na mazungumzo ya kuirudisha ni marefu.

Maeneo ya migodi yana kibali chake. Visa ya matembezi haimfungulii mgeni lango la mgodi wa Kipushi wala machimbo ya Kolwezi. Anayemwalika huko aulize kibali kabla ya safari.

Akitaka kuongeza siku, nenda naye ofisi ya DGM ya jimbo wiki moja au mbili kabla ya visa kuisha. Ukienda baada ya tarehe, mazungumzo yataanza na faini.

## Hatua ya 9: Kutoka

Anayetoka kwa ndege aulize mapema, kwa kampuni ya ndege, habari ya ada ya uwanja iitwayo Go-Pass na namna inavyolipwa. Anayetoka kwa Kasumbalesa apate muhuri wa DGM kwanza, ndipo avuke. Zambia inadai carte jaune kwa mtu anayetoka Kongo, na Afrika Kusini vilevile, kwa hiyo cheti kikae pamoja na pasipoti mpaka afike nyumbani kwake.

Akishavuka, akutumie picha ya muhuri wa kutoka. Uichapishe, uiweke kwenye dosie yake pamoja na barua ya mwaliko na karatasi za benki. Siku ukiulizwa kama mgeni uliyemwekea sahihi aliondoka, hiyo ndiyo karatasi utakayoonyesha.